Nyasi zimegoma chini ya mti? Jaribu karanga pinto



Juzi nimeitwa na kijana mmoja anayetengeneza bustani za nyumbani. Alipanda ukoka chini ya miembe ya mteja, ukafa. Akarudia kwa hela yake mwenyewe, ukafa tena. Mteja kagoma kumalizia malipo. Nilipofika sikuona ugonjwa wala mdudu. Tatizo ni kivuli. Ukoka ni mmea wa jua. Ukiunyima jua, hata umwagilie na kuweka mbolea vipi, utakonda mpaka uishe.

Hapo panahitaji mmea unaotambaa, unaostahimili kivuli na unaodumu miaka mingi. Mimi napendekeza karanga pinto (Arachis pintoi).

Ni mmea gani?

Asili yake ni Brazil. Ni ndugu wa karanga tunazokula, ila huu tunaupandia majani, sio mbegu. Kila jani limegawanyika mara 4 na maua yake ni ya njano. Matawi hutambaa na kutoa mizizi kwenye vifundo. Kwa kuwa ni jamii ya mikunde, hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa kwenye mizizi, kwa hiyo urea achana nayo. Huko Costa Rica hupandwa kwenye mashamba ya kahawa na migomba ili kuzuia magugu na mmomonyoko.

Kivulini maua hupungua na mmea hurefuka kidogo, lakini udongo unafunikwa. Ila usipande kwenye giza totoro. Nenda saa sita mchana uangalie chini ya mti: kama unaona madoa ya jua ardhini, panda. Kama hakuna hata doa moja, punguza matawi kwanza.

Usiuziwe wedelia

Hapa wengi wanapigwa. Wedelia nayo hutambaa na ina maua ya njano, lakini ni mmea vamizi. Ukitoroka bustanini unafunika kila kitu. Tofauti ni rahisi: ua la wedelia linafanana na alizeti ndogo na majani yake yana meno pembeni. Ua la pinto ni kama la karanga.

Namna ya kupanda

1. Panda mvua zinapoanza, au uwe na maji ya uhakika.
2. Ng'oa ndago na sangari pamoja na mizizi yake. Ukiziacha, zitakusumbua baadaye.
3. Kata vipandikizi vya sentimita 15 hadi 20 vyenye vifundo 3 au 4. Viweke kivulini vikiwa na unyevu na uvipande siku hiyohiyo.
4. Tumia nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Fukia vifundo 2, kisha shindilia udongo kidogo kwa mkono.
5. Mwagilia mara kwa mara mpaka vichipue.

Kwa nafasi hiyo, mita 1 ya mraba inachukua vipandikizi 16. Bustani ya mita 100 za mraba ni 1,600. Ongeza 160 vya kuzibia mapengo, jumla 1,760.

Miezi 3 ya mwanzo

Kazi nyingi huharibikia hapa. Pinto huanza polepole, na magugu hayaisubiri. Palilia kwa mkono mpaka matawi yakutane. Baada ya hapo mmea wenyewe unakusaidia, kazi yako inabaki kukata kingo ili usiingie njiani. Kwa hiyo unapompa mteja bei, weka palizi ya miezi 3 ndani yake. Usipoiweka, utapalilia bure au utaacha kazi iharibike.

Tahadhari

- Sehemu ya kuchezea mpira haifai. Hustahimili kukanyagwa kidogo tu.
- Kiangazi kirefu bila maji hudondosha majani. Maeneo makavu, fikiria gharama ya maji kwanza.
- Acha nusu mita wazi kuzunguka mche mchanga wa mgomba au kahawa, maana watagombania maji.
- Mbuzi na sungura wanaupenda sana. Weka uzio.

Yule kijana nilimwambia aende kwa mteja aseme ukweli: nyasi zilikuwa chaguo baya, na kosa ni lake. Kisha aombe kupanda mita 2 tu za mraba kwa majaribio. Mteja kakubali. Vipandikizi vya kuanzia tumevipata bure kwenye bustani iliyokuwa inapunguzwa kingo, na vingine ameviotesha kwenye kitalu chake. Huo tayari ni mtaji, maana kila anapokata kingo anapata mbegu ya kazi inayofuata.

Kabla hujanunua nyasi, kaangalie kivuli kwanza. Tukutane shambani.