Mita 25 juu, mita 30 chini: kamba ya Naivasha na mashimo ya Kabambare

Kijana aliyenifunga mkanda kiunoni alikagua fundo langu mara mbili, kisha akaniambia nami nikague kifaa chake cha kushikia kamba. Nilicheka kidogo. Mimi ndiye mgeni, yeye kazi yake ni hii kila siku, nitamkagua nini? Hakucheka. "Kaka, hapa hapandi mtu kabla hajakaguliwa na mwenzake," alisema, akasubiri mpaka nikainama na kutazama.

Tulikuwa chini ya Mnara wa Fischer, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate karibu na ziwa Naivasha, nchini Kenya. Wasomaji wa Kasongo na Kongolo jina hilo litawachekesha, maana ni Mlango wa Jehanamu, na sisi tunao wetu: Portes d'Enfer, pale mto Lualaba unapobanwa na miamba ukishaipita Kongolo. Mashua zilishindwa kupita hapo, ndiyo sababu wakoloni walijenga reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika mwaka 1910. Mlango wa Kenya umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1984 na unaingiza watalii wenye baiskeli. Wetu unasubiri treni, siku inapokuja.

Mnara wenyewe ni kipande cha mwamba wa volkano kilichobaki kimesimama peke yake, urefu wa mita 25. Una jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Wamasai wana habari yao: ni binti aliyekuwa anapelekwa kuolewa, akakatazwa kugeuka nyuma, akageuka kuaga kwao, akawa jiwe. Pimbi wamejaa kwenye nyufa zake na hawaogopi mtu.

Kupanda si nguvu ya mikono kama nilivyodhani. Mita tano za kwanza nilijivuta kama mtu anayeiba maembe, na mikono ikaanza kutetemeka. Kutoka chini kijana akanipigia kelele: miguu, miguu, simama juu ya miguu! Kamba ilikuwa imeshapitishwa juu, ikarudi chini mikononi mwake, hivyo nilipoteleza katikati nilishuka kama nusu mita tu, nikabaki ninaning'inia, moyo unadunda, sina hata mchubuko.

Hapo ndipo nilipomkumbuka binamu yangu.

Katika teritware ya Kabambare, upande wa Salamabila na Namoya, vijana wengi wanaishi kwa dhahabu. Kanuni za madini za nchi yetu zinaweka kikomo cha mita 30 kwa shimo la mchimbaji wa kienyeji. Yaani shimo lililo halali kabisa linaweza kuupita mnara ule kwa mita tano, na kila aliyewahi kufika kwenye machimbo anajua kwamba si wote wanaoishia hapo. Binamu yangu alikuwa anashuka kwa vidato vilivyochongwa ukutani, mgongo upande huu na miguu upande ule, tochi kichwani, huku ameshika kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye gogo. Ni kamba ileile ya kufungia mizigo kwenye pikipiki. Siku moja ilikatika. Alivunjika mguu, na tulimbeba siku mbili kabla ya kumfikisha kwa daktari. Jiwe halikuwa na kosa. Kamba ilikuwa imeshalika kwenye ukingo wa shimo, na hakuna aliyeitazama asubuhi ile.

Nilimuuliza kijana wa Naivasha kama kamba yake ingefaa shimoni. Alinisahihisha. Kamba ya kupandia hunyumbuka ili kupunguza kishindo cha mtu anayeanguka. Kwa kushuka na kupanda shimo inafaa ile isiyonyumbuka sana. Zote mbili adui zao ni ukingo mkali, jua na tope. Ndiyo maana huweka kipande cha mpira au turubai pale kamba inapogusa jiwe, na kila jioni huipitisha yote mkononi, akitafuta mahali palipolegea au palipovimba. Kamba iliyopata kishindo kikubwa hairudi kazini, hata kama kwa macho bado ni nzima. Kofia ngumu, kaske kama tunavyoiita, haivuliwi hata na anayesimama chini, kwani mawe huanguka kwake.

Mambo haya hayahitaji kiwanda. Kipande cha mpira wa tairi kipo kila kijiji chenye pikipiki.

Lakini nisiwadanganye wachimbaji: kamba haizuii udongo kuporomoka, wala haileti hewa. Septemba 11, 2020, huko Kamituga, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilijaza maji mashimoni na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Huko Hell's Gate kwenyewe, Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu saba waliokuwa wanatembea ndani ya korongo. Wapandaji wa miamba ya mchanga, kama ile ya Fontainebleau karibu na Paris, wana desturi ya kutogusa jiwe baada ya mvua mpaka likauke, kwa sababu likilowa hupoteza nguvu na kumeguka. Wao wanaahirisha mchezo, na hawapotezi kitu. Kwetu, siku ya mvua ni siku ya njaa, na PDG wa shimo anataka mifuko yake. Ugumu uko hapo, na mimi sioni kamba itakayoutatua.

Jioni ile nilimtumia binamu yangu picha za fundo la nane, hatua kwa hatua. Mguu wake ulipona umepinda kidogo. Mwaka uliofuata alirudi shimoni. Alinijibu kwa sauti, nyuma yake mbuzi wanalia. Ameshalifunga, akasema, na haliteleze hata akilivuta na watu watatu. Kisha akauliza: "Yaya, sasa hiyo kamba yenyewe ni bei gani, na nani atainunua, mimi ao PDG?"

Bei nilimtajia. Alikaa kimya, halafu akaniuliza habari za Kenya.