Utangulizi: Mwanamke Aliyejadiliana

Sura ya 58 ya Qurani inaitwa Al-Mujadila, mwanamke mwenye kujadiliana. Wafasiri wengi wanamtaja kuwa Khawla binti Thaalaba wa Madina. Mumewe alimwambia kuwa kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake. Kwa mila ya Waarabu wa zama zile, kauli hiyo ilimnyima mke unyumba bila kumfungua aolewe kwingine. Khawla akaenda kuteta kwa Mtume (S.A.W.). Aya zikashuka: Mungu amemsikia. Mila ikakemewa, na mume akitaka kumrudia mkewe, sharti kwanza atoe kafara: amwache huru mtumwa; asipompata, afunge miezi miwili mfululizo; asipoweza, alishe maskini 60.

Mgeni wa taaluma ya ufeministi wa Kiislamu huuliza: ufeministi na Uislamu si fahali wawili zizi moja? Jina hilo kweli ni la juzi, na wapo wanazuoni wa kike wanaolikataa. Lakini kuhoji kumekuwako tangu Khawla.

Nguzo ya kwanza ya kushika ni tofauti ya sharia na fikihi. Sharia ni njia ya Mungu. Fikihi ni ufahamu wa wanadamu juu ya njia hiyo, na walioiandika karibu wote walikuwa wanaume. Kwa hiyo Fatema Mernissi wa Moroko, mwaka 1987, alichunguza mapokezi ya hadithi inayowazuia wanawake uongozi. Na Amina Wadud wa Marekani, mwaka 1992, akaisoma upya Qurani kwa ujumla wake. Neno moja tu, qawwamuna, linalowaeleza wanaume katika Sura ya 4, laweza kufahamiwa kuwa watawala, walinzi au wabeba gharama. Kila maana hujenga nyumba yake.

Kwetu pwani, darasa liko kwa kadhi. Mtafiti Susan Hirsch alikaa katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, akachapisha kitabu mwaka 1998. Aliona kuwa inatarajiwa mume atamke talaka, mke avumilie. Kutoa siri za ndani ni aibu. Hata hivyo wengi wa wanaofungua kesi ni wanawake, na mara nyingi hushinda. Hawaji na nadharia. Wanadai masurufu, mahari, talaka yao.

Karibu, basi. Ukiishasoma tafsiri, nenda ukaketi kwenye benchi la mahakama ya kadhi, usikilize wanawake wanavyoteta.