Wabunge Wanaingiaje Bungeni Baada ya Uchaguzi Mkuu?

Swali la muundo wa Bunge huonekana rahisi, lakini katika majaribio ninayosahihisha hapa Sola, ndilo linalopoteza alama nyingi. Watahiniwa wengi huandika kuwa wabunge wote huchaguliwa majimboni, au kwamba wa viti maalumu huteuliwa na Rais. Yote mawili si sahihi.

Kwanza, kumbuka Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 1977: Bunge lina sehemu mbili, yaani Rais na wabunge. Aina za wabunge zimetajwa katika Ibara ya 66.

Tuchukue Bunge la mwaka 2020. Majimbo yalikuwa 264: Tanzania Bara 214 na Zanzibar 50. Wanawake wa viti maalumu walikuwa nafasi 113. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar huchagua wajumbe wake 5. Mwanasheria Mkuu wa Serikali huingia kwa wadhifa wake, na Rais huteua wasiozidi 10, angalau 5 kati yao wakiwa wanawake. Jumla ni nafasi 393. Spika huongezeka kwenye hesabu iwapo tu amechaguliwa kutoka nje ya wabunge. Mwaka 2020 Spika Job Ndugai alikuwa tayari mbunge wa Kongwa.

Mfano wa karibu nasi ni Andrew Chenge. Aliketi bungeni akiwa Mwanasheria Mkuu bila kupigiwa kura jimboni, kisha mwaka 2005 akachaguliwa mbunge wa Bariadi Magharibi. Mtu ni yuleyule, mlango ni tofauti.

Sasa tuje kwenye viti maalumu, ambako ndiko wengi hujikwaa. Viti hivi hugawanywa kwa vyama kulingana na kura za ubunge ambazo kila chama kimepata nchi nzima, si kwa idadi ya majimbo kilichoshinda. Chama kinatakiwa kupata angalau asilimia 5 ya kura halali. Linganisha vyama viwili. Mwaka 2010 UDP ilishinda jimbo moja, Bariadi Mashariki, kupitia John Cheyo, lakini haikupata kiti maalumu hata kimoja. Mwaka 2020 CHADEMA nayo ilishinda jimbo moja tu, ila ikagawiwa viti maalumu 19, na CCM ikapata 94. (Waliochukua viti hivyo 19 walivuliwa uanachama na chama chao mwaka huohuo, na mgogoro ukafika mahakamani. Hilo ni suala jingine; usilichanganye na kanuni ya ugawaji.)

Kwa hiyo kura ya mwananchi ambaye mgombea wake ameshindwa jimboni haijatupwa. Bado inahesabiwa kwa chama chake.

Mwanafunzi mmoja aligawa 113 kwa 393, akapata chini ya asilimia 30, akaniambia Katiba imevunjwa. Hesabu yake ilikuwa sawa ila kigawanyo si hicho. Asilimia 30 ambayo Katiba inaitaja ni ya wabunge wa aina nyingine, yaani 393 ukitoa 113, ambao ni 280. Gawa tena: utapata takriban asilimia 40.

Waziri si aina ya mbunge. Mawaziri huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge, na Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo. Wa viti maalumu au wa kuteuliwa hawezi.

Idadi ya majimbo hubadilika. Kwa uchaguzi wa Oktoba 2025 yaliongezwa 8 na kuwa 272, likiwemo Bariadi Mjini hapa Simiyu. Ukitaja takwimu kwenye mtihani, taja na mwaka wake.

Zoezi: Viti maalumu ni 90. Chama A kimepata kura halali 6,000,000, chama B 3,000,000 na chama C 400,000, na hakuna chama kingine. Chama C kimeshinda majimbo mawili. Onesha kila chama kitapata viti maalumu vingapi, na ueleze kwa nini.