Jina la Klabu na Asili ya Waasisi Wake: Funzo la AFC Leopards kwa Utafiti wa Soka katika Ukanda wa Tabora

Usinge ni kituo cha Reli ya Kati baina ya Tabora na Kigoma. Reli hiyo, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya kale ya misafara na, kama njia hiyo, iliwakutanisha watu wa asili mbalimbali. Mtafiti wa historia ya klabu za soka katika ukanda huu hukabiliwa na swali la msingi: je, jina la klabu linatosha kuonyesha waasisi wake walitoka wapi? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa mfano wa Nairobi, ambako uhusiano wa uhamiaji, jina na siasa unajitokeza bayana.

Watu kutoka magharibi mwa Kenya waliohamia Nairobi kutafuta kazi walianzisha vyama vya kusaidiana, vilivyoshughulikia misiba, kusafirisha maiti nyumbani na michezo. Soka lilikua ndani ya mtandao huo. Mwaka 1964 timu kadhaa za Waluhya ziliungana kuwa Abaluhya United, iliyoitwa Abaluhya FC tangu mwaka 1973. Mwaka 1968 Luo Union na Luo Stars ziliunda Gor Mahia, klabu iliyopewa jina la mganga mashuhuri katika historia ya Waluo.

Mwaka 1980 serikali ya Kenya iliagiza vyama vya kikabila vivunjwe na klabu ziache majina ya kikabila. Abaluhya FC ikawa AFC Leopards, ikielezwa kuwa AFC ni kifupisho cha All Footballers Confederation. Hata hivyo, herufi hizo tatu ndizo zilizokuwa za Abaluhya Football Club. Jina la Gor Mahia, kwa upande wake, ni la mtu, si la kabila. Agizo hilo halikuwatenga Leopards na mashabiki wao, ambao hadi leo huiita Ingwe, yaani chui. Klabu iliyotwaa ubingwa wa klabu wa CECAFA mwaka 1979 kwa jina la zamani iliutwaa tena mwaka 1982, 1983 na 1984 kwa jina jipya.

Mifano mingine inathibitisha kwamba jina lina kazi zaidi ya moja. Klabu iliyoanzishwa na wahamiaji wa Kituruki huko Kreuzberg, Berlin, mwaka 1978, ilichukua mwaka 1987 jina la Türkiyemspor, lenye maana ya "Uturuki yangu". Hapo jina linatangaza asili. Kwa upande mwingine, Sunderland ya Dar es Salaam, iliyogeuzwa kuwa Simba mwaka 1971, haikuwa klabu ya Waingereza. Hapo jina lingeweza kumpotosha mtafiti.

Kwa hiyo, jina laweza kutangaza, kusitiri au kupotosha asili ya klabu. Anayechunguza klabu za vituo vya reli kama Usinge hana budi kulilinganisha jina na mambo mengine: waasisi walifanya kazi gani, walichangiana vipi wakati wa misiba, na ni nani aliyewaagiza au kuwashauri walibadili.