Kifuate Kinyama: Mwanafunzi wa Udaktari na Ubingwa Asiouona

Mama wa Mbagala mwenye uvimbe kwenye titi atawajua karibu wote waliomhudumia: nesi aliyempima presha, daktari aliyeupapasa uvimbe, mpasuaji aliyemtoa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa. Atakayesema kama uvimbe ule ni saratani au siyo, hatamwona kamwe. Huyo amekaa mbele ya hadubini, pengine upande wa pili wa jiji la Dar es Salaam, na jina lake liko chini kabisa ya karatasi ya majibu. Ni daktari bingwa wa patholojia. Wanafunzi wengi wa udaktari nao hawamjui, ingawa mtihani wake waliufanya na kuufaulu.

Sababu ya kwanza iko kwenye ratiba. Patholojia hufundishwa mwaka wa pili au wa tatu, kabla mwanafunzi hajazoea wodi. Anakariri aina za uvimbe, anatazama slaidi za zamani ambazo hakuna anayekumbuka zilitoka kwa mgonjwa gani, anafaulu, anavuka. Baadaye anaingia wodini na kukutana na mabingwa wa upasuaji, wa watoto, wa akina mama na wa magonjwa ya ndani, watu wenye sauti na msururu wa wanafunzi nyuma yao. Mwaka wa utarajali nao huzungukia zaidi idara hizo hizo kubwa. Mtu huchagua ubingwa wa watu aliowaona wakifanya kazi.

Sababu ya pili ni mochwari. Mweleze mzazi wa Tandale kwamba mwanawe anataka kusomea patholojia, na swali lake la kwanza litakuwa kama kazi yenyewe ni kupasua maiti. Uchunguzi wa maiti ni sehemu ya kazi, ndiyo. Lakini katika maabara ya kawaida ya hospitali meza imejaa vitu vya watu walio hai: vinyama vya titi, tezi dume na shingo ya kizazi, matezi ya shingoni, uboho wa mtoto ambaye damu yake haieleweki. Wenye vinyama hivyo wako nyumbani wakisubiri simu.

Na wa kuvisoma ni wachache. Tafiti za miaka kumi na zaidi iliyopita zimeonyesha kwamba katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara bingwa wa patholojia hafiki hata mmoja kwa kila watu milioni moja. Tanzania imeendelea kusomesha wengine tangu hapo, lakini maabara zenye uwezo wa kusoma tishu bado zimejikusanya kwenye hospitali kubwa za rufaa. Kinyama kinakatwa kwingi, kinasomwa kuchache.

Hapo ndipo ilipo nafasi ya mwanafunzi, na sioni haja ya kuitafuta ng'ambo. Ushauri wangu kwa anayetaka kuuonja ubingwa huu ni mmoja: chagua kinyama kimoja ukifuate, tangu kinapotoka mwilini mpaka majibu yanapomfikia mgonjwa. Safari hiyo itakufundisha kuliko semina yoyote ya kuchagua taaluma.

Anza chumba cha upasuaji, kwa sababu makosa mengi huzaliwa huko. Kinyama kikishatoka mwilini huanza kuoza, na kinachokizuia ni fomalini ya asilimia 10, yenye ujazo wa kama mara kumi ya kinyama chenyewe. Kikiachwa kikavu, kikitiwa kwenye maji ya chumvi kwa kukosa fomalini, au kikisongwa ndani ya kichupa chenye mdomo mwembamba, hakuna bingwa duniani atakayekirudisha. Kisha tazama fomu inayoambatana nacho. Umri umeandikwa? Sehemu kilipotoka? Mgonjwa ana virusi vya UKIMWI, alishawahi kutibiwa kifua kikuu? Tezi la shingo la kijana wa miaka 20 na la mzee wa miaka 70 yanaweza kufanana sana kwenye kioo, na fomu tupu humwacha msomaji akibahatisha. Mwanafunzi aliyeliona hili kwa macho yake hataandika tena fomu ya neno moja, hata akiishia kuwa mpasuaji.

Maabara hukipokea na kukipa namba. Bingwa au msaidizi wake hukipima kwa rula, hukieleza kwa maneno, hukikata na kuchagua vipande vya kutengeneza. Usiku mzima vipande hupitishwa kwenye alkoholi ya kuondoa maji, kisha zailini, kisha nta ya moto inayojaa kila upenyo wa tishu. Asubuhi kila kipande kimeganda ndani ya kibonge cha nta. Mteknolojia wa maabara hukikata kwa mashine yenye wembe, vipande vya unene wa mikroni tatu hadi tano. Unywele wa kichwa una mikroni kama 70, kwa hiyo unaweza kukisia utulivu wa mkono unaohitajika. Vipande huelea kwenye maji ya vuguvugu, huopolewa kwa kioo, hutiwa rangi mbili: hematoksilini, inayotolewa kwenye mti wa Amerika ya Kati na kuvipa viini vya seli rangi ya zambarau, na eosini, inayoviacha vilivyobaki vya waridi.

Kaa na mteknolojia huyo kabla ya kukaa na bingwa. Wanafunzi wa udaktari wana tabia mbaya ya kumpita kama mtumishi, ilhali yeye ndiye atakayekuonyesha kwa nini slaidi ina mikunjo, kwa nini rangi imefifia, na umeme ukikatika katikati ya usiku wa nta hutokea nini.

Halafu ndipo hadubini. Bingwa mzuri huanza na lenzi ndogo, anautazama mpangilio wa tishu kabla ya kuihukumu seli moja moja. Kwa saratani ya titi kazi haiishii kwenye jina la ugonjwa. Vipimo vya kinga-tishu huonyesha kama seli zina vipokezi vya homoni au protini ya HER2, na dawa atakayopewa yule mama wa Mbagala inategemea majibu hayo. Huo ni uamuzi wa matibabu, ingawa umefanyika bila mgonjwa kuwepo chumbani.

Historia ya Afrika Mashariki ina kinyama kilichofuatwa hivyo mpaka mwisho. Mwaka 1958 mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa ajabu kwenye mataya ya watoto. Aliuona, lakini hakujua hasa ni nini. Waliotambua kwamba ni limfoma walikuwa wanapatholojia wa Makerere, Gregory O'Conor na Jack Davies, kwa kuzipitia sampuli na kumbukumbu za saratani walizokuwa nazo. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walizunguka kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini wakipita Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali nani ameuona uvimbe ule. Vipande vilikuwa vikisafirishwa kwa ndege hadi kwa mtafiti wa virusi Anthony Epstein huko London. Kimoja kilicheleweshwa na ukungu, ndege ikatua Manchester, na maji yake yakafika yamechafuka kiasi cha kudhaniwa yameingiwa na bakteria. Epstein akayatazama badala ya kuyamwaga, akakuta ni seli za uvimbe zilizo hai, zinaelea. Kutoka hapo, mwaka 1964, kikatangazwa kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Huku kwetu pia, mwaka 1969 jarida la British Journal of Cancer lilitoa ripoti ya wagonjwa 117 wa sarkoma ya Kaposi kutoka Tanzania Bara, miaka zaidi ya kumi kabla UKIMWI haujapata jina. Vibonge vya nta hukaa miaka, kwa hiyo kazi ya namna hiyo bado inawezekana. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti mdogo wa shahada, asiye na fedha za kwenda kukusanya takwimu vijijini, aulize kuhusu kabati la kumbukumbu la maabara na kibali cha kamati ya maadili.

Kwa anayeishi Temeke au Kinondoni, pa kuanzia si mbali. Hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala zinapokea wanafunzi wodini, na kila wodi ya upasuaji hukata vinyama. Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, kilichoanzishwa 1997, kiko Mikocheni. Upanga kuna Muhimbili na chuo chake, MUHAS, ambako patholojia husomwa hadi shahada ya uzamili. Ukishuka kuelekea baharini unafika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye majengo ya hospitali ya Wajerumani ya enzi ambazo mwanabakteria Robert Koch mwenyewe alikuwa jijini akichunguza malaria. Omba kuhudhuria kikao cha pamoja cha madaktari wa saratani. Humo utamsikia mpatholojia akibishana na mpasuaji, na utajua kama ni aina yako ya ubishi.

Asiyevutiwa na tishu asikate tamaa haraka, maana patholojia ina vyumba vingi. Kuna damu: Profesa Julie Makani wa MUHAS amejenga jina la kimataifa kwa utafiti wa selimundu, ugonjwa unaowapata maelfu ya watoto wanaozaliwa Tanzania kila mwaka. Kuna vimelea, ambako Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii ya Mabibo ilijulikana kwa kila mtu wakati wa UVIKO-19. Kuna Damu Salama, mpango wa taifa wa uchangiaji damu. Na kuna upande wa sheria, wenye polisi, mahakama na sampuli za sumu zinazopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Upande huo wa mwisho unaturudisha mochwari, na ni lazima uione. Ingia kwa ruhusa, simu ikiwa mfukoni. Familia iliyo nje inataka kuzika leo, mara nyingi kabla ya alasiri, na daktari anayeeleza kwa upole kwa nini uchunguzi unahitajika na utachukua muda gani anafanya kazi ngumu kuliko ya kisu. Huko Siaya na Kisumu, Kenya, watafiti wa vifo vya watoto hutumia sindano kuchukua vipande vidogo vya viungo bila kuupasua mwili, njia ambayo familia nyingi huiona nyepesi zaidi kuikubali.

Njia ya baadaye iko wazi: miaka mitano ya shahada, mwaka wa utarajali, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha uzamili ambao kwa kawaida ni miaka mitatu. Serikali ina ufadhili wa Samia kwa masomo ya ubingwa wa afya, na Chuo cha Wanapatholojia wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kina njia yake ya ubingwa. Magumu yapo pia. Kemikali huisha na kuagizwa upya huchukua muda, wagonjwa hawatakusalimia barabarani, na ukiwa peke yako mkoani hakuna wa kumwonyesha slaidi inayokutatiza isipokuwa kwa picha za kidijitali, intaneti ikiruhusu. Mtu anayehitaji shukrani za kila siku asije.

Lakini hayo ni ya baadaye; kwa sasa, barua ya kuomba kukifuata kinyama iandikwe kwa mkuu wa idara ya patholojia na ipitie kwa mkuu wa kitivo chako. Omba wiki tatu wakati wa likizo, usiombe siku moja ya kutembelea, kwa sababu majibu ya kinyama kimoja, yakihitaji rangi za ziada, yanaweza kuchukua muda huo. Andika namba ya maabara ya kinyama chako bila jina la mgonjwa, na siku majibu yakitoka uwepo kliniki daktari anapomsomea mgonjwa.