Nani Mwenye Amri ya Safari?

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wiki hii tuutazame usemi huo katika usafiri wa anga, hasa pale ndege ya mtu binafsi inapokodishwa kubeba abiria.

Huko Marekani, tajiri mwenye ndege anaweza kuitumia kwa shughuli zake chini ya masharti mepesi kiasi. Lakini ndege hiyo ikikodishwa kwa abiria wa kulipa, mambo hubadilika. Safari huwa ya biashara, na yapasa iendeshwe na mwenye cheti cha mamlaka ya anga, FAA. Marubani wake hupimwa mara kwa mara, saa zao za kazi zina kikomo, na masharti ya matunzo ya ndege ni makali zaidi.

Kwa hiyo wenye ndege wengi hukabidhi ndege zao kwa kampuni yenye cheti, iwatafutie wateja na kuwapunguzia gharama. Hilo halikatazwi. Swali ni moja: nani mwenye udhibiti wa safari? Sheria ya Marekani yasema udhibiti huo ni mamlaka ya kuanzisha safari, kuiendesha na kuisitisha. Lazima uwe mikononi mwa mwenye cheti. Cheti si mwavuli, hakiazimwi.

Tarehe 2 Februari 2005, ndege aina ya Challenger ilishindwa kupaa katika uwanja wa Teterboro, jimbo la New Jersey. Ilipita mwisho wa njia, ikavuka barabara yenye magari, ikagonga ghala. Kwa bahati hakufa mtu, ingawa kadhaa waliumia. Wachunguzi wa NTSB waligundua kuwa uzito ulielemea mbele kupita kiwango, hivyo pua haikuinuka. Waligundua pia kwamba safari iliendeshwa na kampuni ya Platinum Jet kwa cheti cha kampuni nyingine, Darby Aviation, ambayo haikuisimamia ipasavyo. Cheti cha huyu, amri ya yule. Baada ya hapo FAA ilikaza masharti.

Wapenzi wa kandanda watakumbuka kifo cha mchezaji Emiliano Sala, tarehe 21 Januari 2019, baharini kati ya Ufaransa na Uingereza. Rubani, ambaye naye alikufa, hakuwa na leseni ya kubeba abiria wa kulipa. Mwaka 2021 aliyeipanga safari hiyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Ilikuwa, kwa lugha yetu, teksi bubu ya angani.

Basi ndugu msikilizaji, ukialikwa kupanda ndege ya kukodi, uliza mambo mawili: cheti ni cha nani, na nani aliyemtuma rubani huyu? Ukitajiwa majina mawili tofauti, usipande mpaka uelezwe ukaelewa. Uzuri wa viti hauinui ndege.