Spika ndogo ya Bluetooth: Funzo kutoka Texas

Kwa Waafrika Mashariki wengi wanaoishi Dallas, Fort Worth na Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, spika ndogo ya kubeba mkononi imechukua nafasi ya redio ya masafa mafupi iliyokuwa sebuleni nyumbani. Taarifa za habari, mawaidha, kwaya na taarabu hutoka kwenye simu na kusikika kupitia spika hiyo, iwe jikoni au uani siku ya nyama choma.

Bei ni nafuu na aina ni nyingi, na mnunuzi aghalabu hutazama mambo mawili tu: ukubwa wa sauti na rangi. Hata hivyo, matukio mawili ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba lipo swali jingine linalopaswa kutangulia.

Spika si redio

Katikati ya Februari 2021, dhoruba ya theluji na baridi kali iliilemea gridi ya umeme ya Texas. Zaidi ya wateja milioni 4 walikosa umeme, baadhi yao kwa siku kadhaa, na idara ya afya ya jimbo hilo ilihesabu vifo 246. Tarehe 8 Julai 2024, kimbunga Beryl kiliipiga Houston na kuwaacha zaidi ya wateja milioni 2 bila umeme katika joto la kiangazi.

Umeme unapokatika kwa muda mrefu, minara ya simu nayo huanza kuzimika. Hapo ndipo udhaifu wa spika ya Bluetooth hujitokeza. Spika hupokea sauti kutoka kwenye simu, na simu huipokea kutoka kwenye intaneti. Mtandao ukikatika, spika yenye chaji kamili haina cha kusema, isipokuwa kile kilichokwisha kuhifadhiwa ndani ya simu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, spika ina redio ya FM ndani yake? Spika nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zina FM pamoja na nafasi ya kuchomeka flashi au kadi ya kumbukumbu. Nyingi za chapa mashuhuri zinazopendwa Marekani hazina. Mwenye FM anaweza kunasa KERA 90.1 mjini Dallas au Houston Public Media 88.7 mjini Houston bila simu wala intaneti.

Asiyetaka spika ya namna hiyo hana budi kununua redio ndogo ya betri na kuiweka kando. Jambo hili lina uzito zaidi katika nyumba yenye wazee wasiojua Kiingereza, kwani wao hutegemea mtu wa kuisikia taarifa na kuwafasiria.

Wati na sauti

Swali la pili ni la sauti yenyewe. Boksi hutangaza wati, lakini wati hupotosha. Kuongeza nguvu kutoka wati 10 hadi 20 huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa kiasi kidogo. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, huhitajika takriban mara kumi ya nguvu.

Besi nayo hudai kusukuma hewa nyingi, kazi ambayo spika ya ukubwa wa kikombe haiimudu kwa urahisi. Watengenezaji hufidia kwa kuweka viwambo vinavyotetemeka pembeni na kuikuza besi kwa makusudi. Matokeo yake muziki huvuma, lakini maneno ya msomaji wa habari humezwa. Usemi wa binadamu hauhitaji besi kubwa: simu za zamani zilipitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu, na watu walielewana.

Njia ya kupima ni kucheza taarifa ya habari dukani, kwanza kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu kabisa. Sauti ikianza kukwaruza au maneno yakipotea, wati hazitasaidia.

Betri, joto na maji

Saa za betri zinazoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa sauti ya wastani. Ukifungulia sauti yote, hupungua sana. Inafaa kuchagua spika inayochajiwa kwa waya wa USB-C, kwani huweza kupata umeme kutoka kwenye gari au betri ya akiba.

Betri za lithiamu kwa kawaida hupaswa kuchajiwa kati ya nyuzijoto 0 na 45 za Selsiasi. Ndani ya gari lililoegeshwa juani Houston, joto huweza kupita 50, hivyo spika isiachwe humo.

Kuhusu maji, alama ya IPX7 maana yake ni kwamba spika huhimili kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. IP67 huongeza kinga dhidi ya vumbi. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, si ya chumvi. Anayekwenda ufukwe wa Galveston au Bamburi aisuuze spika yake baadaye.

Wasafiri wanaorudi nyumbani wanaruhusiwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, kubeba betri zisizozidi wati-saa 100. Betri ya miliampia-saa 5,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 18.5 tu. Betri za akiba lazima ziwe kwenye mzigo wa mkononi.

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika 30 Novemba. Kabla ya hapo, na kabla ya baridi ya Februari, ni vyema spika ichajiwe, vipindi vihifadhiwe kwenye simu, na kila mtu nyumbani ajue redio iko wapi na masafa yake ni yapi.